Nakili, Ila Usimzuie Mwenzio

Odeta alikwenda mjini kununua sindano za cherehani, akarudi na kesi.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, mwaka tisini na nane. Sindano alikwisha kuzipata, gari la kurudi kwao Kisesa lilikuwa bado halijajaa, na jua la Nyamagana lilikuwa linachoma bila aibu. Akajisogeza kwenye kivuli cha duka la Mayala, lile lenye mashine ya fotokopi mlangoni, ambapo watu hupanga foleni na vyeti vyao vya kuzaliwa. Hakuwa na haja ya kitu. Macho ndiyo yaliyomponza. Juu ya kaunta, kati ya bahasha na kalamu, palikuwa na vijitabu vya jalada la kijani, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa nailoni, na kwenye jalada pamepigwa chapa: MCHEZO WA MIZANI. Kimetungwa na kutolewa na Duka la Mayala. Bei Sh. 1,500. Ni marufuku kunakili.

Sasa, Mchezo wa Mizani Odeta aliujua kama anavyolijua jiko lake. Ulizaliwa mezani kwake. Mumewe, Machibya, ndiye aliyeutunga baada ya chama cha ushirika kumpunguza kazini, na kila Jumamosi alasiri watu walijaa sebuleni kuucheza. Mmoja anasimulia msimu wa pamba, wengine kila mtu ana mhusika wake: huyu mkulima, huyu dereva wa lori, huyu mlinzi wa ghala, huyu karani wa mizani. Unasema unachotaka kufanya, unarusha dadu mbili za mfupa wa ng'ombe. Zikitoka kubwa umefanikiwa, zikitoka ndogo umeumbuka. Watu wazima na heshima zao walicheka mpaka wakashika mbavu, na Odeta ndiye aliyeosha vikombe.

Akafungua kijitabu. Kila neno lilikuwa la Machibya, hata mchoro wa mizani wenye mguu mmoja mfupi. Na ukurasa wa tatu, pembeni, kulikuwa na doa jeusi lenye umbo la kidole gumba. Odeta akakitazama kidole chake. Alikumbuka vizuri: aliondoa sufuria jikoni, akaenda kumfunulia mumewe daftari, na masizi yakabaki pale. Mashine ya fotokopi, isiyo na adabu, ilikuwa imemchukua yeye na masizi yake na kumwuza mjini.

"Mama, kama hununui usifungue," alisema Mayala. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. "Kurasa zinachoka."

"Hiki kidole ni changu."

"Kidole gani?"

"Hiki hapa. Ni masizi ya jiko langu."

"Hilo doa la mashine, mama. Mashine nayo inazeeka kama sisi."

Odeta akabandika gumba lake juu ya doa mbele ya foleni nzima. Bwana mmoja mwenye cheti cha ubatizo mkononi akajitolea kuwa hakimu, akainama, akavaa miwani, akatoa hukumu: "Vinafanana. Ila cha mama ni kinene." Foleni ikaangua kicheko. Odeta alihisi uso unamwaka. Alitaka kuondoka na kijitabu hicho kama ushahidi, na Mayala akanyoosha mkono, si kwa ugomvi, kwa upole kabisa, ule upole wa mtu anayejua bei. Odeta akalipa. Alitoa nauli na hela ya sukari kununua mchezo wa mume wake mwenyewe, akarudi Kisesa juu ya lori la mashudu, akashuka ananuka kama zizi.

* * *

Machibya alikuwa mezani anachonga dadu mpya. Odeta akamtupia kijitabu kifuani.

"Soma! Soma uone ulivyoibiwa!"

Machibya akasoma. Alikuwa mtu wa taratibu, aliyezoea kusoma tarakimu kwanza na maneno baadaye. Kadiri alivyofunua ndivyo uso wake ulivyozidi kuchangamka, mpaka Odeta akaona bora angemletea mawe.

"Wamechapa vizuri," alisema. "Angalia mistari ilivyonyooka. Mama Dorcas, tumefika Nyamagana!"

"Tumefika au tumefikishwa? Baba Dorcas, mtu anauza kitu chako elfu moja na mia tano!"

"Si niliruhusu?" Akalivuta daftari lake, akafunua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti ile aliyokuwa akiitia watu kwenye foleni ya pamba. "Mchezo huu ni wa kila mtu. Nakili, cheza, ongeza, hata uza ukiweza. Sharti ni moja: usimzuie mwenzio kufanya kama wewe. Mimi, Machibya, aliyekuwa Karani wa Mizani."

"Na wewe unapata nini?"

Machibya akafikiri. "Walinipunguza kazi, wakanipunguzia na kiinua mgongo. Nilichogawa hakuna wa kukipunguza."

Hayo ndiyo maneno ya mtu asiyekwenda mashineni kusaga unga, alijisemea Odeta. Lakini hakuyasema, kwa sababu alikuwa na siri moja ya mke. Aliikumbuka miezi minane baada ya mumewe kupunguzwa, alivyolala hadi saa sita mchana ameupa ukuta uso, na watoto wa mtaa walivyokuwa wakipita dirishani wakimwita Bwana Punguza. Mchezo huu ndio uliomtoa kitandani. Angeugawa kwa mbwa na mbuzi, Odeta asingemkataza, mradi asubuhi avae suruali.

Ndipo Machibya alipofika kwenye jalada, mstari wa chini. Ni marufuku kunakili. Aliusoma mara mbili. Masikio yake, ambayo yalikuwa makubwa, yakasogea.

"Hapa," alisema polepole, "hapa bwana huyu amekosea."

* * *

Kosa lenyewe lilikuja nyumbani kwa miguu wiki iliyofuata: barua yenye mihuri miwili, kwa mwenyekiti wa kijiji, ikilalamika kwamba mkazi wako Machibya anasambaza nakala bandia za Mchezo wa Mizani bila kibali cha mwenye mali. Machibya aliitwa mtengenezaji wa bandia katika sebule ileile alimoutungia mchezo. Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akaenda kulala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Odeta akaona ukuta ule unamwita tena.

Shauri likasikilizwa ofisini kwa mwenyekiti, mzee Malimi, mtu mwema aliyeogopa mihuri kuliko nyoka. Mayala alikuja na faili, leseni ya biashara, risiti ya karatasi na stempu. Machibya alikuja na daftari. Odeta alikuja na kidole.

"Naomba kidole changu kipimwe," alisema.

Malimi akaleta kidau cha wino, akakigandamiza kidole cha Odeta kwenye karatasi, akakilinganisha na doa la ukurasa wa tatu, akakigeuza juu chini, akaita mgambo naye aangalie. Wakakubaliana kwamba ni kilekile.

"Haya," alisema Mayala bila kutikisika. "Tuseme ni chake. Lakini kidole hakiandiki kitabu, mwenyekiti. Mimi nimegharamia karatasi, nimegharamia jalada. Yeye amegharamia nini?"

Mwalimu Projest, jirani yao Mhaya, ambaye kwa kawaida hakuna jambo analoshindwa kulieleza, akasimama akakohoa. Akakiri kwamba yeye ndiye aliyelipeleka daftari dukani kulitolea nakala kwa ajili ya shule, na kwamba alimwachia bwana Mayala nakala moja, kwa kuwa ukurasa wa kwanza uliruhusu. "Mimi niliyasoma masharti kwa makini," akaongeza. "Kwetu Kagera masharti tunayasoma."

"Kwa hiyo mchezo ulikuwa wa bure," alisema Malimi, akimgeukia Machibya kwa huruma. "Hapo ndipo unaponipa shida, ndugu yangu. Hata mganga hatoi dawa bure. Atakudai kuku, atakudai jembe, atakudai hata senti, maana dawa isiyolipiwa haiponyi. Kitu cha bure mwenyewe ni nani?"

"Ni wote."

"Wote ni nani? Nimwandikie nani barua?"

Machibya akamwonyesha tena ukurasa wa kwanza. Kwenye benchi la nyuma alikuwapo mzee Shimba, mkulima wa pamba, amekaa tangu asubuhi na mbuzi wa kesi yake, kamba mkononi, akingoja zamu. Alikuwa amechoka na mbuzi amechoka.

"Mwenyekiti," alisema Shimba, "mnazunguka kama ng'ombe wa kupura. Vikundi vya ngoma, Bagika na Bagalu, wakigombania nani mkali, wanapelekana kwa mwenyekiti? Wanapewa uwanja mmoja, saa moja, huyu huku, huyu kule. Watu wana miguu. Watakakokwenda ndiko kwa mwenyewe. Maliza, nami nisikilizwe."

Malimi akaona Mungu amemtua mzigo. Akaandika: Jumapili baada ya misa, uwanja wa mnada, meza mbili. Mayala akishindwa, aufute mstari wa marufuku. Machibya akishindwa, alisalimishe daftari na asiuchezeshe mchezo tena kokote. Mayala akasaini kwa mbwembwe. Machibya akasaini kwa herufi ndogo, zile za daftari la mizani. Odeta alimjua mumewe. Mumewe hakuwa na sauti, hakuwa na vituko. Kukusanya watu uwanjani ilikuwa kazi ya mtu mwingine kabisa.

* * *

Jumapili Mayala alikuja na spika mbili, kreti tatu za soda, na mcheza ngoma mwenye chatu. Chatu! Nyoka mzima, mnene kama paja, amezungushwa shingoni mwa mtu nyuma ya meza, naye mtu anatikisa mabega. Kisesa nzima ikaenda kule. Walioshika rozari walikwenda, wazee wa kanisa walikwenda, hata mgambo aliyetakiwa kulinda mstari wa katikati alisogea hatua kumi na tano ili alinde vizuri zaidi.

Kwenye meza ya Machibya walikuwapo Mwalimu Projest, fundi baiskeli mmoja aliyekuwa na deni la soda kwa Mayala, na mbuzi wa Shimba, ambaye kesi yake ilikuwa haijaisha. Machibya aliwasimulia msimu kwa sauti ya kusoma tangazo la msiba.

"Baba Dorcas, paza sauti!" Odeta alinong'ona kwa nguvu.

"Watazamaji hawaruhusiwi kuita watu, mama," alisema Malimi.

"Simwiti mtu. Namwita mume wangu."

Akakaa chini kwenye nyasi, akafunika uso kwa kanga. Akawaza daftari likitolewa nyumbani. Akawaza ukuta. Akamlaani chatu, ukoo wake na mayai yake.

Lakini kule kwa Mayala mambo yalianza kukwama. Kijana mmoja alikuwa amepewa mhusika wa mkulima, amefika kwenye mizani, karani amemkazia. Kijana akasema kwenye spika, "Namtolea karani kuku." Watu wakapiga makofi, maana hayo ni ya kila msimu. Mayala akafunua kijitabu. Akafunua tena.

"Kuku hayumo," alisema.

"Muongeze."

"Hakiongezwi. Kitabu kina mwenyewe."

Uwanja ukanung'unika. "Karani gani huyo asiyekula kuku?" aliuliza mama mmoja. "Mnauza mchezo wa pamba au wa malaika?" Mwingine akataka aonyeshwe kama kweli kuku hayumo, akaambiwa anunue kwanza ndipo afungue. Pakawa na zogo, na katika zogo hilo mtu mmoja akageuka, akapiga kelele kuvuka uwanja mzima:

"Wee karani! Kwako kuku anahesabiwaje?"

Machibya alikuwa ameinamia daftari. Hakuinua kichwa.

"Jike au jogoo?"

Kicheko kilianzia upande mmoja kikasambaa. "Jogoo!"

"Jogoo unaongezewa moja kwenye dadu. Jike, moja na nusu, kwa sababu atataga. Kuku mwenye ugonjwa wa kideri unapunguziwa mbili na unarudishwa mwisho wa foleni."

Watu wakaanza kuvuka. Kwanza watano, halafu ishirini, wengine na soda za Mayala mkononi. Kila aliyefika alikuwa na lake la kuongeza, na Machibya akawa anaandika, anapanga, anauliza, "Mbuzi mwenye mimba je? Asali ya kopo au ya kibuyu?" Sauti yake haikupanda hata kidogo, ila sasa watu walinyamaza ili wamsikie. Odeta akashusha kanga.

Ndipo mzee Shimba akamfunga mbuzi kwenye mguu wa meza, akakaa.

"Leo mimi karani," alisema. "Wewe mkulima. Nipe hizo dadu."

Machibya akampa. Shimba akanyoosha mgongo, akatoa kalamu ya kufikirika sikioni, na palepale akawa karani. Umati ukapiga vigelegele.

"Leta gunia lako. Gunia tupu lina kilo tatu, natoa."

"Gunia tupu lina kilo moja, mzee."

"Karani hapa ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Unyevu, kilo nne."

"Pamba yangu imekauka, mzee, imelala juani wiki mbili."

"Vua kofia unapozungumza na ofisi."

Machibya akavua kofia. Akaikunja kwa mikono miwili kifuani, akainamisha shingo, na uso wake ukawa uso wa kila mtu aliyepata kusimama mbele ya mizani ile. Uwanja ulilipuka. Watu walilia kwa kicheko, walishikana, mtu mmoja alianguka juu ya mbuzi. Kule kwa Mayala spika ilibaki inaongea peke yake. Mcheza ngoma akaja na chatu wake shingoni, akaomba apishwe aone. Hatimaye Mayala mwenyewe akaja na kreti tupu, akapanda juu yake.

Shimba hakuwa anacheka tena.

"Na kiatu?" aliuliza.

"Kiatu gani, mzee?"

"Ulikuwa unafanya nini na kiatu? Miaka yote ile nilikuwa naona mguu wako umesimama mahali pamoja. Pamba nilipima nyumbani, nikifika kwako imepungua. Nilidhani nimerogwa. Nilitumia ng'ombe mzima kwa mganga."

Hilo halikuwa la mchezo. Machibya angeweza kusema kiatu hakimo kwenye sheria. Odeta aliomba aseme hivyo. Aliomba kwa Mama Maria, na kwa haraka akaomba kwa mizimu ya kwao pia. Aliwatazama wale wanawake na wazee wenye mikono iliyochanwa na pamba, akajua kila mmoja wao aliwahi kupita kwenye foleni ya mumewe.

"Nilikuwa naweka ncha ya kiatu chini ya ubao wa mizani," alisema Machibya. "Nainua kidogo. Kilo mbili, mbili na nusu kwa gunia."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Mama mmoja akatema mate, akachukua kikapu chake, akaondoka bila kugeuka. Wengine walisimama wakamtazama Machibya, na haikujulikana kama watampiga. Shimba akazikusanya dadu.

"Andika," alisema.

"Niandike wapi, mzee?"

"Si umesema tuongeze? Andika: karani ana kiatu. Kila gunia kilo mbili na nusu. Na jina lake, maana mhusika hawezi kukosa jina. Andika Machibya."

Machibya akaandika, akasoma kwa sauti ili wote wasikie. Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko cha kukata pumzi, na mwingine akamfuata, na uwanja ukacheka tena, ingawa si wote. Malimi akahesabu vichwa. Upande wa Mayala palikuwa na meza. Upande wa Machibya akawahesabu watu wote, mgambo, nyoka, na Mayala juu ya kreti.

* * *

Jumatatu asubuhi Odeta aliamka akanyoosha mkono kitandani, akakuta patupu. Machibya alikuwa uani, amekwisha kunawa, amevaa suruali. Shimba alikuwa ametuma mtoto alfajiri na ujumbe: wanunuzi binafsi wameleta mizani yao kijijini, makarani wapya wamevaa viatu vizuri sana, na wakulima wanataka mtu wa kusimama pale awatazamie miguu. Sharti lilikuwa moja, aje pekupeku. Naye alikwenda pekupeku, mwanamume wa miaka arobaini na saba, akiruka miiba barabarani kama mtoto, na Odeta alimtazama mpaka akapotea, asijue acheke au alie. Alifanya yote mawili.

Saa tatu akafika Mayala kwa baiskeli, jasho linamtiririka, adabu imemzidi.

"Shikamoo, mama," alimwamkia, ingawa walilingana umri. "Nimekuja kwa ajili ya daftari. Natoa chapa mpya, mstari ule nimeufuta, atakayetaka kunakili na anakili. Ila watu wanataka ile ya jana, yenye nyongeza. Shule mbili zimeagiza, na watu wa Kigongo wanaosubiri pantoni wanataka vijitabu vya kwao."

Odeta akaingia ndani, akalichukua daftari, akasimama nalo mlangoni. Lilifunguka lenyewe kwenye ukurasa wa jana. *Karani. Jina lake Machibya. Ana kiatu.* Akaona kitakachotokea. Dorcas wake aliyekuwa akisomea ualimu Bukoba angekutana na baba yake kwenye meza ya walimu. Wajukuu wangemrushia dadu babu yao. Na hapakuwa na wa kuzuia, kwa sababu yeye, Odeta, ndiye aliyeileta kesi iliyoufuta mstari wa marufuku.

Mayala alikuwa mfanyabiashara. Aliuona mkono wa Odeta ulivyotua juu ya ukurasa ule.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, akitazama pembeni kwa heshima, "mimi hunakili nilichopewa. Ukurasa ambao sikupewa, sikuuona."

Ulikuwa ukurasa wa katikati, na pini zimelegea. Angeuvuta tu. Juu ya kichwa chake jua lilikuwa limeanza kupasha bati, nayo mabati yakawa yanaalika, ta, ta, kama kila asubuhi. Yalikuwa mabati thelathini na mbili, nyumba ya kwanza mtaani kuvua nyasi, mwaka themanini na sita. Siku yalipoletwa alimwuliza mumewe, "Wamekuongeza mshahara?" Machibya akajibu, "Msimu ulikuwa mzuri." Odeta alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba. Alijua msimu ule ulikuwa mbaya. Baba yake mwenyewe alikuwa ameambulia patupu. Alimtazama mumewe, akanyamaza, akaenda kumpakulia chakula, na usiku mvua iliponyesha alilala usingizi mzuri kuliko wote katika maisha yake.

"Nipe kalamu," alisema.

Mayala akachomoa moja kati ya tatu. Odeta akaliegemeza daftari kwenye fremu ya mlango, akaandika chini ya maneno ya mumewe, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba, akikandamiza kila herufi. Kisha akampa.

Mayala alisoma akichezesha midomo. "*Mke wa Karani. Jina lake Odeta.*" Akamtazama. "Huyu anafanya nini, mama? Dadu zake ngapi?"

"Harushi dadu," alisema Odeta. "Yeye anajua toka mwanzo, na yuko ndani anakula."